Anayemshika Mgonjwa Naye Ashikwe: Maisha ya William Booth

Kanisani tunajua kumwombea mgonjwa. Tunampaka mafuta, tunamwekea mikono, tunafunga na kukesha. Lakini kwa hiyo nyumba kuna mtu mwingine ambaye mara nyingi hatumwoni, naye ni mume au mke wa mgonjwa. Yeye ndiye anabeba faili ya hospitali. Yeye ndiye anapiga foleni kwa duka la dawa, na jioni anawaambia watoto ati mama yuko sawa, amechoka tu. Jumapili ukimsalimia mlangoni anakujibu ni kwa neema, anatabasamu, anaenda kukaa kiti cha nyuma.

Mwaka huu peke yake nimeketi na familia kadhaa ambazo daktari amewaambia ni saratani. Nimeona kwamba swali gumu zaidi huulizwa na yule asiyeugua, tena huliuliza tukiwa wawili kando ya gari: Pasta, sasa mimi nifanye nini? Kwa hivyo wiki hii nimeona tuangalie maisha ya mtu aliyesimama mahali hapo, tena akiwa mtumishi wa Mungu aliyejulikana dunia nzima. Ni William Booth, mwanzilishi wa Jeshi la Wokovu.

Kijana wa duka la rehani

William Booth alizaliwa tarehe 10 Aprili 1829 huko Nottingham, Uingereza. Baba yake alijaribu biashara zikaanguka, na pesa zikaisha nyumbani. William akiwa na miaka 13 alitolewa shule akapelekwa kufunzwa kazi katika duka la kukopesha watu pesa kwa kuweka vitu rehani. Hapa kwetu tungesema alifanya kazi kwa shylock. Mwaka huo huo wa 1842 baba akafariki. Kijana akawa anaona kila siku jinsi umaskini unavyomfanya mtu alete koti lake la pekee kaunta ili apate cha kula.

Akiwa na miaka 15 aliokoka katika kanisa la Wamethodisti, na punde si punde akaanza kuhubiri barabarani pamoja na vijana wenzake. Mwaka 1849 akaenda London kutafuta kazi, akajikuta tena kwa duka la rehani, siku za kazi akiuza na kupokea, Jumapili akihubiri.

London ndiko alikompata Catherine Mumford. Walikuwa wa umri mmoja, kwa maana Catherine alizaliwa Januari 1829. Tangu utotoni afya yake haikuwa nzuri. Akiwa na miaka 14 alilala kitandani miezi mingi kwa sababu ya shida ya uti wa mgongo, na wakati huo akasoma vitabu vizito ambavyo hata wachungaji wengi hawakuvisoma. Walichumbiana 1852 wakafunga ndoa tarehe 16 Juni 1855. Mungu akawapa watoto wanane.

Hii haikuwa ndoa ya mume kuhubiri na mke kupika chai tu. Mwaka 1860, wakiwa Gateshead kaskazini mwa Uingereza, Catherine alisimama mwisho wa ibada mbele ya watu wote akakiri kwamba kwa muda mrefu amekuwa akikataa mwito wa kuhubiri. William akawatangazia watu papo hapo kwamba jioni ile mke wake ndiye atahubiri. Tangu siku hiyo wakawa wahubiri wawili nyumba moja, na wengi waliona mama ndiye mkali zaidi mimbarini.

Mwaka 1865 walianza kazi kati ya maskini wa mashariki mwa London, na mwaka 1878 kazi hiyo ikapewa jina la Jeshi la Wokovu. William akawa Jenerali. Catherine hakupewa cheo kama hicho, lakini wanajeshi wote walimwita Mama wa Jeshi. Mimi nilisomea biashara, na nikiangalia kazi yao naona waanzilishi wawili wanaotegemeana kabisa. Mmoja akianguka, mwingine hajui hata aanzie wapi kesho yake.

Siku ile ya Februari 1888

Mapema 1888 Catherine aliona uvimbe kwenye titi. Alikuwa na miaka 59. Mwezi Februari alienda kwa Sir James Paget, mmoja wa madaktari wa upasuaji wenye sifa kubwa London wakati huo. Alienda bila mume wake. Daktari alipomaliza kumpima alimwambia wazi kwamba ni saratani. Catherine akauliza amebakisha muda gani, akaambiwa kama miezi 18 hadi miaka miwili.

Akapanda gari la kukodisha la farasi akarudi nyumbani peke yake, njiani akiomba. Tafadhali usipite hapo haraka. Kuna wake na waume wengi kwa hili kanisa letu ambao wamepata hizo habari wakiwa peke yao, halafu wakapanda matatu iliyojaa watu wanaocheka, kila mmoja na safari yake.

William alikuwa nyumbani anamsubiri, akatoka kumlaki. Alipomwona usoni akajua. Wakaingia ndani, akaambiwa yote. Huyu ni mtu aliyekuwa amehubiria maelfu, mtu ambaye hakukosa neno hata mbele ya walevi waliomrushia mawe. Siku hiyo alikosa la kusema. Alikaa tu kimya, akahisi kama dunia imesimama. Catherine ndiye aliyeinuka akaja kupiga magoti kando yake, akamwambia kwamba wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba hatakuwepo kumuuguza mume wake siku zake za mwisho zikifika. Mgonjwa ndiye alikuwa akimhurumia mzima. Ukutani kulikuwa na picha ya Yesu msalabani, na baadaye William alieleza kwamba siku hiyo aliielewa kuliko wakati mwingine wowote. Alichoweza kufanya ni kupiga magoti na mke wake na kujaribu kuomba. Alijaribu tu, maana maneno hayakuja.

Catherine alijua vizuri anachoingia. Mwaka 1869 mama yake mzazi alikufa kwa saratani, na yeye ndiye alimuuguza. Hakuna mtu angeweza kumdanganya kwamba ni jambo dogo.

Na jioni hiyo hiyo William alikuwa amepangiwa kusafiri kwenda Uholanzi kwa mikutano mikubwa. Alitaka kubaki. Catherine akakataa kabisa, akamwambia aende. Akaenda. Usiku mzima safarini moyo ulikuwa kama umefungwa jiwe. Kule alisimama mbele ya mikutano miwili akahubiri kama mtu anayeota. Kisha akawaachia wengine mikutano iliyobaki na kesho yake jioni akawa anarudi London kwa mke wake.

Wengine watamlaumu kwa kwenda. Wengine watamsifu. Mimi ninaona mume ambaye hajui la kufanya, kwa hivyo anafanya lile alilozoea. Si ndivyo wanaume wengi tulivyo? Mke anapata habari mbaya Jumatatu, Jumanne mume yuko kazini mapema kuliko kawaida, kwa sababu huko angalau anajua kazi yake. Lakini tazama alichofanya baadaye. Alipogundua moyo wake hauko Uholanzi, aliwakabidhi wengine kazi akarudi. Mikutano iliendelea bila yeye. Mungu hakukwama.

Waliwaambia watu

Jambo la pili ni kwamba hawakuficha. Katika zile nyakati saratani ilikuwa ugonjwa wa kunong'onezwa, na saratani ya titi zaidi. Wangeweza kusema Mama anapumzika kidogo. Lakini watoto wao waliambiwa, maofisa wakaambiwa, na hatimaye Jeshi lote duniani likajua na likaanza kuomba. Mwana wao wa kwanza, Bramwell, ambaye alikuwa msaidizi mkuu wa baba yake, alibeba sehemu kubwa ya kazi za ofisi. Walipatikana pia wa kumuuguza Mama, ili kazi yote isimwangukie mume na watoto.

Hapa kwetu siri inatuua. Mume hataki kusema kwa sababu ataonekana ameomba msaada. Mke hataki kusema kwa sababu watu wa kanisa wataanza kutafuta dhambi iliyoleta ugonjwa. Kwa hivyo nyumba inafungwa, pazia zinashushwa, na watu wawili wanabeba mzigo wa watu ishirini. Paulo aliwaandikia Wagalatia kwamba tubebeane mizigo, na kwamba hivyo ndivyo sheria ya Kristo inavyotimizwa. Lakini hakuna mtu anaweza kubeba mzigo ambao hajaonyeshwa.

Si lazima uambie kanisa lote. Chagua watu watatu. Bwana wetu Yesu mwenyewe usiku wa Gethsemane alichukua watatu kati ya wale kumi na mmoja waliokuwa naye, akawaambia wazi kwamba nafsi yake ina huzuni ya kufa, akawaomba wakae wakeshe naye. Kama Mwana wa Mungu aliomba asiachwe peke yake, wewe ni nani ujifanye unaweza?

Maombi na daktari

Daktari Paget alishauri upasuaji wa haraka. Catherine hakukubali wakati ule. Tusimhukumu kwa macho ya leo, maana dawa za saratani tunazozijua hazikuwepo. Hata picha ya eksrei iligunduliwa mwaka 1895, miaka mitano baada ya kifo chake. Lakini pia tusichukue mfano huo tukaufanya fundisho. Leo saratani ya titi ikigunduliwa mapema wengi wanatibiwa na wanaishi. Dada, ukiona uvimbe usingoje mkutano wa uponyaji wa mwezi ujao. Nenda hospitali wiki hii, halafu njoo na majibu tuombe tukijua tunaombea nini. Na wewe mume, usimwache aende peke yake. Nenda naye, kaa kwenye kile kiti cha pili, beba kalamu uandike daktari anachosema, kwa sababu mgonjwa akisikia lile neno moja mengine yote hayasikii tena.

Sasa nataka niseme jambo zito. William Booth aliomba. Jeshi zima liliomba, katika nchi nyingi na lugha nyingi. Kama kuna mgonjwa aliyeombewa ni Mama Booth. Na hakupona. Hilo halimaanishi kwamba Jenerali alikosa imani, au kwamba kulikuwa na laana ya ukoo. Sisi tunaamini Mungu anaponya, na tutaendelea kuomba bila aibu. Lakini mtu akimwambia mume anayekesha kando ya kitanda kwamba mke wake angepona kama imani yake ingekuwa kubwa, huyo amemwongezea mzigo ambao Yesu hakumpa. Tukome kabisa kusema hivyo katika kanisa hili.

Miaka miwili na miezi

Tarehe 21 Juni 1888 Catherine alihubiri kwa mara ya mwisho mbele ya umati, katika kanisa la City Temple, London. Alipomaliza nguvu zilikuwa zimeisha kabisa, ikabidi akae pale pale mimbarini karibu saa nzima kabla ya kuweza kuondolewa. Mwaka 1889 familia ikampeleka Clacton, mji mdogo kando ya bahari, apate hewa na utulivu.

William akawa mtu wa sehemu mbili. Anasafiri, anahubiri, anarudi Clacton. Anaketi kando ya kitanda, halafu anaenda chumba cha pili kuandika. Mara nyingine maumivu ya mke wake yalimshinda kuyaangalia. Alikuwa mtu wa vitendo, mtu wa kutatua mambo, na hapa kulikuwa na jambo ambalo hangeweza kulitatua. Nafikiri hilo ndilo linaloumiza wanaume zaidi. Tumezoea gari likiharibika unaita fundi, kodi ikichelewa unatafuta kibarua. Saratani haisikilizi. Na bado kuna kazi ya kufanya, nayo ni kukaa. Kushika mkono na kuleta maji. Kumsomea Neno akitaka, na kunyamaza akitaka.

Kuna kitu kingine walichofanya ambacho kilinigusa. Hawakuacha maisha yao yote yageuke kuwa ugonjwa. Miezi hiyo William alikuwa anaandika kitabu kuhusu jinsi ya kuwatoa maskini wa Uingereza katika njaa na ukosefu wa kazi, akisaidiwa na mwandishi wa habari W. T. Stead. Catherine kitandani alizungumza nao juu ya mpango huo. Alikuwa bado mke, bado mshauri, bado mhubiri. Julai 1890, Jeshi lilipoadhimisha miaka 25 katika jumba la Crystal Palace, hangeweza kwenda, kwa hivyo ujumbe wake uliandikwa kwa herufi kubwa kwenye kitambaa kirefu ukaonyeshwa mbele ya umati. Mume mwenzangu, mke wako akiugua usimgeuze kuwa kazi ya kushughulikiwa. Endelea kumuuliza maoni yake. Mweleze habari za shamba, karo na mipango ya Disemba. Yeye bado ni mtu mzima.

Catherine Booth alilala katika Bwana tarehe 4 Oktoba 1890, akiwa na miaka 61, mume na watoto wakiwa karibu. Watu kama 50,000 walipita kuuaga mwili wake, na ibada ya kumuaga katika ukumbi wa Olympia ilihudhuriwa na watu kama 36,000. Akazikwa tarehe 14 Oktoba katika makaburi ya Abney Park. Kando ya kaburi William alizungumza kama mume. Aliwaeleza watu jinsi alivyopoteza rafiki, mshauri na mwenzake wa miaka 40, na hakuona haya mtu yeyote kuona uchungu wake.

Baada ya matanga

Kile kitabu kilitoka mwezi huo huo, kikiwa kimewekwa wakfu kwa jina la Catherine. Ndani ya mwaka mmoja nakala kama 200,000 ziliuzwa. William aliomba umma pauni 100,000 za kuanzisha mpango, na zikapatikana. Kukawa na malazi ya wasio na makao, vituo vya chakula cha bei ya chini, ofisi za kutafutia watu kazi. Mwaka 1891 wakafungua kiwanda cha viberiti London ambacho hakikutumia ile fosforasi iliyokuwa inaoza taya za wafanyakazi wa viwanda vingine.

Aliishi miaka 22 baada ya mke wake. Haikuwa rahisi. Baadhi ya watoto wake waliacha Jeshi. Binti yake Emma alikufa katika ajali ya treni huko Marekani mwaka 1903. Uzeeni macho yakapofuka. Lakini aliendelea kusafiri na kuhubiri karibu hadi mwisho, na alipokufa tarehe 20 Agosti 1912, akiwa na miaka 83, alizikwa Abney Park kando ya Catherine. Miaka tisa baadaye, 1921, Jeshi lao likaanza kazi hapa Kenya. Wengi wenu mnaijua shule ya vipofu ya Thika. Hiyo nayo ilianzishwa na Jeshi lao.

Sisemi kwamba huzuni yako ni lazima izae kitabu au shule. Ninasema tu kwamba kusimama kando ya kitanda cha umpendaye hakukufanyi uwe umeacha kumtumikia Mungu. Miaka ile miwili na zaidi haikuwa mapumziko katika huduma ya William Booth. Clacton nayo ilikuwa madhabahu.

Ya kufanya wiki hii katika ushirika wa nyumbani

1. Kila ushirika utaje, kwa ruhusa yao, familia moja yenye mgonjwa wa muda mrefu. Halafu muulize habari za yule anayemuuguza. Amelala? Amekula? Nani anabaki na mgonjwa yeye akienda kazini?

2. Msimwambie, ukihitaji kitu tuambie. Hatasema. Mwambieni, Alhamisi tunaleta chakula, na Jumamosi asubuhi dada wawili watakaa na mama ili uende kinyozi au ulale.

3. Saidieni mambo ya karatasi. Angalieni kama malipo ya SHA yako sawa, pangeni faili ya hospitali, tafuteni mtu wa gari siku za matibabu. Kama ni mchango, mtu mwingine asimamie hesabu, si mume wala mke wa mgonjwa.

4. Kama maumivu ni makali, muulizeni daktari habari za huduma za kupunguza maumivu. Nairobi Hospice imekuwa ikifanya kazi hiyo tangu 1990, na hospitali nyingi za kaunti sasa zina kitengo chake. Kutuliza maumivu si kukosa imani.

5. Wanaume watatu wakutane na mume, bila hotuba. Wamsikilize. Akilia, wakae. Akinyamaza, wakae.

Na wewe unayesoma hili ukiwa hospitalini, kwenye lile benchi refu, na bahasha ya kahawia iko kwenye mapaja: leo kabla hujalala, piga simu kwa mtu mmoja umwambie ukweli. Kama huna mtu, ofisi ya kanisa iko wazi Jumanne hadi Ijumaa, na mlango wangu ni wa pili mkono wa kushoto. Njoo vile ulivyo. Usijipange kwanza.